Hodi ya Sekunde Tatu

Jumatatu saa mbili asubuhi lifti ya jengo lile iligoma, kama ilivyogoma Jumatatu iliyopita na ile ya kabla yake. Watu hamsini wakajazana ukumbi wa chini na mabegi yao, vikombe vyao vya kahawa na nyuso zilizonuna. Ukutani palikuwa na karatasi: "Samahani kwa usumbufu." Ilikuwa na miezi miwili pale, gundi imekauka, pembe moja inaning'inia. Nina neno na watu wanaoomba samahani kwa karatasi, lakini kwa leo nina neno zaidi na wawili waliokuwa mbele ya foleni.

Wa kwanza alikuwa mwanamke wa miaka ishirini na minane aliyevaa blauzi ya rangi ya haradali, suruali nyeusi iliyomkaa vizuri na viatu bapa, nywele amezisuka mistari na kuzifunga nyuma kwa kitambaa. Kazini walimwita Kiwembe, na aliyempa jina hilo hakukosea. Alikuwa akibonyeza kitufe cha lifti, akabonyeza tena, akabonyeza tena.

"Dada," ikasema sauti ya kiume nyuma yake, "ukibonyeza mara ishirini haziji lifti ishirini."

Akageuka. Alikuwa kijana mrefu, shati jeupe limepigwa pasi mpaka mikono ina mstari, viatu vya kahawia vinang'aa. Amesimama ametulia kama hana anapokwenda.

"Na wewe ukisimama hapo kama nguzo ya umeme ndiyo itakuja?"

Kijana akafikiri. Kweli alifikiri, mpaka mama mmoja wa nyuma akacheka.

"Ikitengemaa itakuja," akajibu.

"Unakwenda ghorofa ya ngapi?"

"Ya tisa. Leo ndiyo naanza kazi."

"Mungu wangu, ya tisa ni kwetu! Haya, bwana Taratibu, tuone nani atatangulia."

Akashika ngazi. Aliposukuma mlango wa ghorofa ya tisa, jasho linamtiririka na pumzi juu juu, lifti ikafunguka pale pale, na Taratibu akatoka, mkavu, pasi yake haijavunjika.

"Sare," akasema.

"Sare ya wapi? Mimi nimepanda, wewe umepandishwa!"

Jina la Taratibu lilienea ofisini kabla ya chakula cha mchana. Kufika mwisho wa wiki, Kiwembe alikuwa amehamisha kiti chake karibu na dirisha, na dirisha lenyewe lilikuwa upande wa meza ya Taratibu. Alisema anafuata hewa.

Ghorofa ya tisa walikuwa na kazi moja kubwa: kutangaza matokeo ya mitihani ya shule zote kwenye simu. Mwaka mzima mfumo unalala, halafu siku moja saa nne kamili laki kadhaa za wazazi wanaufungua kwa dakika moja. Hakuna kompyuta moja inayobeba zigo hilo. Kwa hiyo programu ile hufungwa kwenye vifurushi vinavyoitwa makontena, nakala mia sita za kitu kile kile, zikasambazwa kwenye kundi la seva arobaini. Kila kontena linahudumia wazazi wake kama karani kwenye dirisha lake. Juu yao kuna msimamizi, naye ni programu vilevile. Kila baada ya muda anapita akibisha hodi. Kontena lisipojibu ndani ya muda uliowekwa anahesabu limekufa, analizima na kuwasha jingine.

Makontena yawe mangapi, kila moja lipewe memori kiasi gani, likibishiwa hodi lipewe muda gani wa kujibu: namba hizo zilikuwa mali ya Kiwembe. Alizihangaikia wiki sita, akituma wazazi bandia kwa maelfu kuuelemea mfumo, anapandisha hapa, anashusha pale, anaanza upya.

"Ona," alimwambia Taratibu siku moja, kidole kwenye kioo. "Kontena likiwashwa linahitaji sekunde ishirini na mbili kupakia orodha ya shule. Likishaamka na watu wakalisonga, linajibu hodi kwa sekunde tano, sita. Halijafa. Lina kazi."

"Kwa hiyo unalipatia muda gani?"

"Sekunde arobaini za kuamka, kumi za kujibu."

Taratibu akatazama namba, kisha akamtazama mwenye namba.

"Na mimi unanipa ngapi?"

"Wewe? Wewe unaitwa asubuhi unaitika jioni! Ningekuwa msimamizi ningekuzima siku ile ile ya lifti."

"Mbona hukunizima?"

Kiwembe akageukia kioo, akapandisha namba aliyokuwa ameishusha sasa hivi.

Wakapendana, tena bila kujificha. Jioni walipigiana simu, na simu zenyewe zilikuwa za kuchekesha.

"Laazizi, umekula?"

Kimya.

"Umekata simu?"

"Hapana. Nafikiri."

"Unafikiri kama umekula? Tumbo ni lako au la jirani?"

"Nimekula. Nilikuwa nafikiri kama nimeshiba."

Kiwembe alicheka mpaka Mama akagonga ukuta. Mama yake, ambaye Kiwembe aliishi naye, alikuwa mwalimu wa darasa la mtihani. Alijua kwamba mwanawe ndiye aliyepanga ule mfumo, na alijua kuna mtu anaitwa Taratibu. Jambo la kwanza aliwaambia walimu wote wa shule yake. La pili alilinyamazia, akasubiri aletewe huyo mtu kwa macho. Ikapangwa: matokeo yatatoka Jumatano, na Jumamosi saa tisa Taratibu aende kumwamkia Mama.

Jumanne, siku moja kabla ya matokeo, Kiwembe alikagua namba zake zote mara ya mwisho, akaweka sahihi kwenye karatasi ya ukaguzi, akaomba nusu saa ashuke kwa fundi cherehani mtaa wa pili. Taratibu akabaki na jaribio la mwisho. Makontena manne yakaganda. Alitaka msimamizi ayaondoe haraka, kwa hiyo akaingia kwenye mfumo unaotembea na kuishusha ile kumi ya kujibu ikawa tatu, na ile arobaini ya kuamka ikawa tatu vilevile. Saa ya mfumo ilikuwa kumi na dakika kumi jioni. Alikusudia kuzirudisha baada ya dakika tano.

Sasa sikiliza. Ofisi ile ilikuwa na sheria, na ilikuwa sheria nzuri: hakuna kuingiza mkono kwenye mfumo. Kila namba iandikwe kwenye faili la mipangilio, wenzako waione, ndipo ipelekwe. Watu wote waliijua sheria hiyo, na watu wote waliivunja kwa kusema "dakika tano tu." Nazichukia dakika tano hizo. Zimewahi kuangusha watu wenye akili kuliko Taratibu.

Simu ikalia.

"Laazizi, niko kwa fundi. Ya Jumamosi hiyo. Nivae gauni la kijani au la haradali?"

Kimya.

"Taratibu, fundi ananitazama mimi na sindano mdomoni."

"Nitafikiria."

"Usifikirie! Shuka uone kwa macho."

Akafunga kompyuta, akashuka. Kwa fundi alitazama magauni yote mawili, moja likining'inia mlangoni na jingine mkononi mwa Kiwembe, akasema yote ni mazuri. Jibu hilo lilimkera Kiwembe kuliko kama angeambiwa yote mabaya. Magauni yakabaki kwa fundi. Ile tatu ikabaki kwenye mfumo.

Jumatano saa nne kamili wazazi wakaingia. Kwa dakika mbili mambo yalikwenda vizuri, watu wa ghorofa ya tisa wakaanza kutabasamu. Halafu makontena yakashikwa na kazi, yakawa yanajibu kwa sekunde tano. Msimamizi akabisha hodi, akahesabu tatu, akazima. Wazazi wa yale yaliyozimwa wakahamia kwa yaliyobaki, nayo yakaelemewa, nayo yakazimwa. Mapya yakawashwa, yakabishiwa hodi kabla hayajafumbua macho, yakazimwa. Baada ya dakika nane hapakuwa na kontena hata moja lililosimama, na msimamizi akaendelea kuwasha na kuua, kuwasha na kuua, kwa bidii ya ajabu.

Ofisi ikawa kama sokoni. Simu zilikuwa zinalia kila meza. Mkurugenzi, bwana mwenye suti ya kijivu aliyependa kusema "sisi hapa ni familia," alikuwa akizunguka na kuuliza, "Nani? Nani?" Hakuuliza "nini." Watu wa namna hiyo ukiwaambia nyumba inaungua watataka jina la kiberiti.

Aliyeuliza "nini" ni Kiwembe. Alichambua kwa zaidi ya saa nzima bila kunyanyua kichwa, mpaka akaiona ile tatu. Akairudisha kumi, akairudisha arobaini, na saa tano na dakika ishirini mfumo ukasimama. Hakuna aliyepiga makofi.

Saa sita watu arobaini wakaitwa chumba cha mikutano.

"Karatasi ya ukaguzi ina sahihi ya nani?" Mkurugenzi akauliza.

"Yangu," Kiwembe akasema. "Lakini faili langu linasema kumi. Tatu imewekwa kwa mkono, nje ya faili."

"Nani ana ruhusa ya kuingiza mkono?"

"Watu wawili. Mimi na yeye."

Macho yote yakamgeukia Taratibu. Kiwembe naye akamtazama, na katika kutazama kule hapakuwa na tuhuma. Alikuwa anasubiri tu mtu wake aseme neno.

Taratibu akakumbuka Jumanne. Akakumbuka makontena manne, akakumbuka simu. Je, alizirudisha? Alifikiri alizirudisha. Alifikiri tena. Sekunde zikapita, kumi, ishirini, na chumba kizima kinasikia feni inavyozunguka.

"Ngoja nikaangalie kwanza," akasema mwishowe.

"Hakuna cha kungoja," Mkurugenzi akakata. "Sahihi ni sahihi. Binti, weka kadi yako mezani. Tutakuita."

Kiwembe akaivua kadi shingoni. Akaiweka mezani, akatoka, akashuka ghorofa zote tisa kwa miguu.

Nyumbani alimkuta Mama amekaa sebuleni na mkoba wake wa kazi mapajani, hajavua viatu.

"Wazazi sabini walikuja shuleni," Mama akasema. "Nimesimama mbele yao nikiwaambia mtandao mbovu. Halafu mmoja akasema, 'Mwalimu, si ndiyo kazi ya mwanao?' Niambie, mwanangu. Ni wewe?"

"Si mimi, Mama."

"Basi ni nani?"

Kiwembe akaingia chumbani, akafunga mlango. Hilo ndilo lililomuuma: kwamba mama yake mzazi alilazimika kuuliza. Jina alilolijenga miaka sita, namba kwa namba, lilikuwa limepakwa matope mbele ya watu arobaini, na mtu pekee aliyeweza kusema "subirini" alikuwa amesema "ngoja nikaangalie."

Saa nane Taratibu alizipata kumbukumbu za mfumo. Jina lake lilikuwa pale, pamoja na saa. Akapiga simu. Akapiga tena. Mara ya tano ikapokelewa.

"Umeshaangalia?" Kiwembe akauliza.

"Nimeangalia. Ni mimi."

"Hongera. Umefika. Mimi nilishashuka ngazi zamani." Akakata, akaifungia namba yake.

Taratibu akaenda kwa Mkurugenzi na karatasi mkononi. Mkurugenzi akaisoma, akaikunja mara mbili.

"Barua ya maelezo imeshakwenda kwa wenye mitihani, waliotupa kazi hii. Imeandikwa kosa la mtumishi mmoja, ameshasimamishwa. Nikiandika nyingine kwamba mtumishi si yule ni huyu, tutaonekana wajinga mara mbili. Alhamisi ijayo kuna matokeo ya awamu ya pili. Yapite, kisha tutamrudisha kimya kimya. Sisi ni familia."

"Na jina lake?"

"Jina haliliwi, kijana. Ukifungua mdomo, kadi yako nayo nitaitaka mezani."

Mtu mwingine angepiga meza. Yeye alisema, "Nitafikiria," akaenda zake. Nikikumbuka neno hilo damu inanichemka hata leo.

Alifikiri Alhamisi. Alifikiri Ijumaa. Jumamosi saa tisa kamili, saa ile ile iliyokuwa imepangwa, alibisha hodi kwa kina Kiwembe na shati lake jeupe.

Kiwembe akafungua mlango, gauni la nyumbani, kitambaa kichwani, macho yamevimba. Akaufunga.

"Nani huyo?" Mama akauliza kutoka ndani.

"Hakuna mtu, Mama."

"Hakuna mtu, na anabisha hodi mara tatu? Fungua."

Taratibu akaingia, akamwamkia Mama, akabaki amesimama.

"Mama, nilikuwa nije leo kwa jambo la heri. Nimekuja na la shari. Ile tatu niliiweka mimi. Mwanao hana kosa hata moja. Karatasi hii ina jina langu."

Mama akavaa miwani, akasoma kama anasahihisha mtihani.

"Kwa hiyo wewe ndiye uliyenisimamisha mbele ya wazazi sabini."

"Ni mimi, Mama."

"Na siku ile walipouliza, mbona hukusema?"

"Nilitaka kuhakikisha kwanza."

"Hm," Mama akasema. Alikuwa amefundisha miaka thelathini, na "hm" yake ilikuwa na maana yake.

Kiwembe akaichukua karatasi, akaangalia saa. Kumi na dakika kumi. Akatoa simu yake, akashuka na kidole mpaka Jumanne, akasimama.

"Kumi na dakika kumi na mbili," akasema polepole. "Mimi ndiye niliyekupigia. La gauni."

Taratibu akainamisha kichwa.

"Umemweleza Mama yote, la simu yangu hukulitaja."

"Sikutaka ujione wewe ndiye uliyenisahaulisha."

"Kumbe!" Sasa sauti ikapanda, majirani wakapunguza redio. "Kwa hiyo umenyamaza tena! Jumatano ulinyamaza ukanitosa, leo unanyamaza unihurumie. Nani kakwambia mimi ni yai? Nilikuita mimi, ukasahau wewe, basi, sema hivyo hivyo! Sitaki kulindwa, nataka kuambiwa!"

"Nisamehe."

"Hapa sebuleni? Mimi nilivuliwa kadi sebuleni? Nenda kaseme pale pale, mbele ya wale wale. Baada ya hapo usinitafute. Nikikutaka nitakuona."

Mama akamsindikiza mgeni mpaka mlangoni. Aliporudi alimkuta mwanawe analia kwa sauti, kwa hasira, huku anapanga viti ambavyo havikuwa vimepanguliwa.

Jumatatu lifti iligoma. Taratibu hakungoja, alipanda ngazi zote tisa, akaingia mkutanoni jasho linamtiririka na shati limemganda mgongoni. Mkurugenzi alikuwa anaeleza mipango ya Alhamisi.

"Samahani," Taratibu akasema, na hakukaa. "Namba ile niliishusha mimi, kwa mkono, Jumanne saa kumi na dakika kumi. Simu ikalia, nikashuka, nikasahau kuirudisha. Kumbukumbu za mfumo nimemtumia kila mtu hapa sasa hivi, na wenye mitihani pia. Aliyeugundua ugonjwa na kuutibu ni yule tuliyemtoa nje."

Simu arobaini zikatetema mezani kwa pamoja. Mkurugenzi akawa wa rangi ya suti yake.

"Kadi," akasema.

Kadi ilikuwa tayari mezani.

Mchana Mkurugenzi akampigia Kiwembe, sauti imelainika kama siagi juani.

"Binti yetu, yameisha. Rudi, Alhamisi inatukaribia."

"Umeniweka kwenye spika, watu wanasikia?"

"Niko peke yangu ofisini."

"Nilitolewa mbele ya watu arobaini, nitaitwa mbele ya watu arobaini. Nenda pale, fungua spika, sema sikuwa na kosa. Na mwalimu wa shule yangu ya zamani, ambaye ni mama yangu, ataandikiwa barua awasomee wazazi wa wanafunzi wake. Bila hivyo tafuta mwingine wa kukupangia namba zako."

Mkurugenzi akasema. Alisema huku anajifuta shingo, na watu waliomsikia walipata la kuongea mwezi mzima. Kiwembe akarudi Jumanne, na kazi yake ya kwanza ilikuwa kufunga mlango wa kuingiza mkono kwenye mfumo. Aliwafungia wote, na yeye mwenyewe akiwemo.

Alhamisi saa nne wazazi wakaingia. Makontena yakaelemewa, yakaanza kujibu kwa sekunde sita, saba. Mkurugenzi akaruka kitini.

"Hayajibu! Yazime, washa mengine!"

"Usiguse," Kiwembe akasema bila kugeuka. "Yana kazi."

Sekunde nane. Tano. Nne. Hakuna lililozimwa. Kufika saa tano matokeo ya mwisho yalikuwa yamesomwa, na safari hii makofi yalipigwa. Simu ya Kiwembe ikaita. Ilikuwa Mama, nyuma yake wazazi wanapiga vigelegele, na barua ilikuwa imeshasomwa.

"Na yule mtu wako?" Mama akauliza.

"Si wangu."

"Alikuja shuleni jana. Aliniomba asimame mbele ya walimu aseme mwenyewe. Nikamruhusu. Anaongea polepole, lakini sentensi anaimaliza. Mimi bado sijamsamehe, nakupa habari tu."

Kiwembe akashuka kwa ngazi. Ukumbini chini, mbele ya lifti, alisimama Taratibu. Hakuwa na kadi ya kumpandisha juu. Alikuwa pale tangu saa nne.

"Nilisema nikikutaka nitakuona," Kiwembe akasema.

"Sikuja kukutafuta. Nimekuja kusimama. Ukipita, umepita."

Kiwembe akapita. Akafika mlango wa nje, akarudi kwa hasira, kidole mbele.

"Nakuuliza kitu kimoja na usifikiri. Siku ile, mbele ya wote. Kwa nini ulinyamaza?"

"Niliogopa."

Neno lilitoka kabla Kiwembe hajafunga mdomo. Kiwembe akabaki na kidole hewani.

"Na kuhakikisha?"

"Uongo. Nilikumbuka niliigusa. Nilijua huenda ni mimi. Nikaogopa watu, nikaogopa kadi, nikajisingizia umakini. Hata Mama nilimdanganya kwa hilo. Niliogopa tu."

Kiwembe akampiga na mkoba begani, pigo la kweli, kioo cha poda kikalia ndani.

"Ungesema hivyo Jumamosi!"

"Ungenipiga."

"Ningekupiga, lakini ningekuamini!" Machozi yalikuwa yanamtoka na hakuyafuta. "Nilikutazama pale chumbani nikajua utasema. Sikuwa na wasiwasi hata kidogo. Unajua hilo linauma namna gani?"

"Sijui. Najua nilikufanyia mimi."

Watu wakawa wanapita, wanageuza shingo. Lifti ikafunguka tupu, ikajifunga.

"La kijani," Taratibu akasema.

"Nini?"

"Gauni. Uliniuliza Jumanne ile. La kijani."

"Siku tisa!" Kiwembe akapaza sauti, mlinzi akainuka kidogo kwenye kiti. "Siku tisa kwa gauni!"

"Na la pili hujaniuliza, lakini nalijibu leo leo lisije likalala. Nataka kukuoa."

"Kazi huna."

"Sina."

"Mama hajakusamehe."

"Ameniambia."

"Na mimi sijakusamehe."

"Naona."

Kiwembe akamtazama kuanzia viatu mpaka kola. Shati halikupigwa pasi. Akafungua mkoba, akatoa simu, akapiga, akawa anazungumza huku amemkazia macho.

"Fundi, lile la kijani bado unalo? Punguza kiuno, nimekonda wiki hii. Nalitaka Jumamosi kabla ya saa tisa, kuna mgeni anakuja kwa Mama." Akasikiliza. "Ndiyo, ni yule yule. Amesimama hapa mbele yangu. Hapana, bado nimemkasirikia sana. Wewe shona tu."